Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: ubao wa kugusa umebandikwa karatasi ya "usiguse"

KWA: Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yetu
NAKALA: Mkuu wa shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, wazazi wote

YAH: UBAO JANJA NA MASOMO YA LUGHA SHULENI KWETU

Ndugu Afisa Elimu, shikamoo mzee.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili kwenye shule mojawapo ya kata huku kwetu milimani, mkoani Mbeya, mwaka wa 14 huu niko darasani. Jina langu lipo kwenye barua nilizokuletea kwa mkono kwahiyo unanijua, hapa siliandiki na la shule pia siliandiki kwa sababu sitaki watu waanze kuhangaika mimi ni nani wakaacha kusoma ninachosema.

Ngazi za mtumishi wa umma nazijua na nimezipita. Barua ya kwanza ilipita kwa mkuu wa shule mwezi wa 2 mwaka jana, ya pili mwezi wa 6, kwenye kikao cha tathmini ya matokeo nikanyoosha mkono nikasema mbele ya walimu wote nikajibiwa "mwalimu hilo tumelichukua", mwezi wa 9 nikapanda Costa mpaka ofisini nikakaa kwenye benchi toka saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, nikaambiwa uko kwenye kikao niache namba ya simu. Nikaacha. Leo naandika hadharani na sio kwa kiburi mzee wangu, ni kwamba kuna watoto walikuwa wiki ya nne tu Kidato cha Kwanza wakati naandika barua ile ya mwanzo, sasa hivi wako cha Pili wanasubiri upimaji wa taifa, na wengi wao ule ubao hawajaugusa hata mara moja kwenye somo la lugha.

Kwa mzazi ambaye hajawahi kuuona nieleze kidogo. Ubao janja ni ubao mweupe umefungwa ukutani, juu yake kuna projekta inayomwaga picha kutoka kwenye laptopu, na ubao wenyewe unahisi kalamu au kidole, ukigusa neno unaweza kulivuta, kulipaka rangi, kulikata vipande, kulifunika, na mkimaliza unahifadhi ukurasa kama ulivyo mnaurudia hata wiki ijayo. Kampuni moja ya Kanada ndiyo iliyoingiza sokoni ubao wa kwanza wa jina la SMART Board mwaka 1991, kwahiyo sio kitu cha juzi. Siku hizi kuna vioo vikubwa kama televisheni ambavyo havihitaji projekta ila sisi tulipewa zile mbao za projekta, mbili, kupitia halmashauri, mmoja ukaenda maabara na mwingine chumba cha kompyuta. Siku ya makabidhiano tulipiga makofi kwa moyo wote, mimi nikiwa mmojawapo, na usiku ule sikulala nikiwaza nitaanzaje na watoto wangu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ubao umefungiwa.

Chumba cha kompyuta kina kufuli mbili na ufunguo uko kwa mtu mmoja, akisafiri hata ubao umesafiri. Ratiba ya chumba ilivyopangwa, idara ya lugha tumepewa Ijumaa kipindi cha mwisho, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, vidato vyote vinne, na kila mtu anayeishi shuleni anajua Ijumaa kipindi cha mwisho kina usafi wa mazingira, kina mechi, kina mkutano wa ghafla. Nilihesabu muhula uliopita kwenye shajara yangu, tuliingia mle mara 3.

Na tukiingia tunakutana na karatasi ya A4 imebandikwa pembeni ya ubao, imeandikwa kwa herufi kubwa USIGUSE BILA RUHUSA. Mzee, huu ubao hauna kazi nyingine zaidi ya kuguswa. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anaisoma ile karatasi anarudisha mikono nyuma ya mgongo, na mimi nikimuita aje kuvuta neno anakuja anatetemeka anagusa kwa ncha ya kucha, ubao hausomi, anadhani ameharibu anarudi kukaa hataki tena. Nimeiomba ile karatasi itolewe mara mbili nikaambiwa ni agizo.

2. Picha za kwenye grupu.

Lilitoka agizo kila mwalimu atume picha moja kwa wiki kwenye grupu la WhatsApp akionekana anafundisha kwa ubao janja. Mimi agizo hili ndilo linaloniuma kuliko yote humu. Kipindi ni dakika 40. Kuwatoa watoto 74 darasani kwao mpaka chumba cha kompyuta, kupanga viti, kuwasha laptopu, kusubiri projekta iwake mpaka ionekane, ni dakika 15 ukiwa na bahati, afu unapiga picha, unazima, unarudi darasani na dakika 10 za kufundishia. Wenzangu wanafanya hivyo na siwalaumu kabisa kwa sababu jina lisipoonekana kwenye orodha ya waliotuma linasomwa kikaoni. Ofisini kwako zimefika picha nyingi nzuri. Naomba uzitazame tena kwa makini ukihesabu ni ngapi ambazo kalamu ameshika mwanafunzi.

3. Mafunzo yalikuwa ya vitufe, hayakuwa ya somo.

Hapa nitakaa kidogo mnivumilie maana ndio moyo wa barua yangu.

Tulifundishwa siku moja, ukumbini, walimu wengi kupita kiasi na ubao mmoja, mkufunzi akatuonyesha kuwasha, kuzima, kuchora pembetatu na kupandisha grafu, alikuwa kijana mzuri na mwenye subira ila hakuwa mwalimu wa lugha na hakuna mfano hata mmoja wa lugha uliotolewa mpaka tunapewa soda. Wengi wetu tukatoka tukiamini hiki kitu ni cha hisabati na sayansi. Mimi ilinichukua muda wangu mwenyewe, jioni nikibembeleza ufunguo, kugundua kwamba inawezekana somo linalofaidi kuliko yote kwenye huu ubao ni lugha.

Nitoe mifano ya vipindi nilivyofundisha kweli.

Ngeli, Kidato cha Kwanza. Naweka nomino 12 zimetawanyika ubaoni na safu mbili, A-WA na KI-VI, mtoto anakuja anavuta neno analiweka anapoona panafaa, wengine kwenye daftari wanaandika wangeliweka wapi na kwa nini. Wakaweka kiti, kikombe, kisima, vizuri. Akaja mwingine akavuta kifaru akakipeleka KI-VI kwa sababu kinaanza na ki, darasa likalipuka, "kifaru amelala! sio kimelala!", akarudisha mwenyewe bila mimi kusema neno. Halafu likaja kiboko. Nusu wakasema kiboko ameingia mtoni, A-WA, nusu wakasema kiboko kipo mezani kwa mwalimu wa zamu, KI-VI. Wakabishana dakika 5 kwa Kiswahili kizuri sana wakitoa sentensi za ushahidi, mpaka binti mmoja wa nyuma ambaye huwa hasemi akauliza kama neno linaweza kunakiliwa likae pande zote mbili. Nikamwambia njoo ufanye. Akanakili, akaweka moja huku moja kule. Mle darasani sijasikia tena mtoto akisema ngeli ni mwanzo wa neno.

Mtu ataniambia hata kwa chaki inawezekana. Inawezekana, nimefanya hivyo miaka mingi, ila kwa chaki neno likikosewa nalifuta mimi na kosa linapotea, kwenye ubao huu neno linahama linaonekana linahama, na lile kosa tunaweza kulirudia.

Uambishaji, Kidato cha Pili. Neno moja tu, hatutawapikia. Unalikata kwa kalamu vipande saba, ha, tu, ta, wa, pik, i, a, kila kipande rangi yake, unawauliza ukitoa ta ukaweka ku itakuwaje, ukitoa i nani amepoteza chakula. Watoto hawa wanazitumia hizi sauti kila siku tangu wadogo na hawajawahi kuona kwamba neno lao lina viungo kama mwili. Shairi hivyo hivyo, nafunika ubeti mzima nafunua mshororo mmoja mmoja, wanahesabu mizani 8 kwa 8, wanabashiri kina cha mwisho kabla hakijafunuliwa, akipatia anashangiliwa.

Insha ya Kiingereza. Hapa ndipo vile vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinapofaa, naomba radhi ya mtoto, napiga picha aya moja ya daftari lake bila jina, inatokea ubaoni kubwa, na mwandiko wake vilevile. Yesterday my mother go to Mwanjelwa and she buy potato. (Mwanjelwa ni soko letu la Mbeya mjini.) Wanakuja mmoja mmoja na kalamu nyekundu, go inakuwa went, buy inakuwa bought, tunahifadhi. Wiki iliyofuata nikaufungua ukurasa uleule nikanyamaza tu, wakaona wenyewe potato haikuwa sawa na wiki iliyopita darasa zima tuliipita. Wakacheka wakasahihisha. Kuna mtoto akaniambia madam kumbe na sisi tunaweza kukosea wote kwa pamoja. Hilo kwa ubao wa chaki lisingewezekana, aya ile ingekuwa imefutwa saa hiyohiyo na mwalimu wa jiografia.

Na matamshi. Watoto wengi kwangu nyumbani wanaongea Kinyakyusa, na Kinyakyusa kina irabu 7 wakati Kiswahili kina 5. Yaani mtoto wa hapa ana i mbili masikioni toka anabebwa mgongoni, akifika sekondari anakutana na ship na sheep tunamfundisha kama vile sikio lake halijui kitu, tunampitisha kwenye i moja ya Kiswahili halafu tunamlaumu anachanganya. Sio kwamba i zile zinafanana sawasawa na za Kiingereza, hapana, ila sikio limeshazoea kutenganisha. Nilikuwa napiga sauti ya neno kwenye spika, mtoto anavuta neno kwenye safu anayosikia, tunarudia sauti, wanabishana, na nikawauliza kwenye Kinyakyusa chenu i hizi mbili mnazijua? Wakanifundisha wao mimi, na wale wa Kisafwa wakataka kusikia na ya kwao. Siku ile Kiingereza kilikaa karibu na nyumbani kwao. Tulitumia spika yangu ndogo ya kuchaji niliyonunua Mwanjelwa, maana ubao ulikuja bila spika na laptopu sauti yake haifiki benchi la tatu.

Haya yote hakuna aliyenifundisha kwenye mafunzo, na walimu wenzangu wa lugha hawajawahi kuyaona kwa sababu ile Ijumaa ya mwisho hatukai pamoja.

4. Slaidi ndefu zinasifiwa.

Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walipokuja, mwalimu aliyesifiwa ni aliyerusha slaidi 22 za notsi kwa herufi ndogo, watoto wakanakili mpaka kengele. Nilikaa benchi la nyuma siku hiyo, herufi hazisomeki, na jua la mchana likipiga dirishani bila pazia picha inapauka kabisa. Mtoto aliyesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili na sasa anatakiwa kusoma kila kitu kwa Kiingereza hana haja ya maneno mengi zaidi ya kutazama, ana haja ya kusema, kukosea, kusikilizwa, kusema tena. Ubao ukitumika kama pazia la sinema tumemrudisha nyuma kuliko chaki, maana kwenye chaki angalau mwalimu anaandika taratibu.

Sio mimi peke yangu niliyeona hili. Uingereza walifunga mbao hizi kwa wingi kwenye sekondari za London kwa masomo ya Kiingereza, hisabati na sayansi, mpango ulianza mwaka 2003, na ripoti ya watafiti wa Chuo Kikuu cha London iliyotoka mwaka 2007 haikukuta ushahidi kwamba ufaulu ulipanda kwenye mwaka wa kwanza kwa sababu ya ubao. Tena waliona kuna madarasa mwendo ulipungua kwa sababu mwanafunzi mmoja yuko ubaoni wengine wanangoja zamu. Wao madarasa yao mengi hayazidi watoto 30 hivi, mimi nina 74. Sijaleta hii habari ili mbao ziondolewe, nimeileta kwa sababu wenzetu wenye umeme wa uhakika na pesa walishaliona hili, kwahiyo sisi hatuna sababu ya kulirudia kosa lao. Dawa yake naijua na ni rahisi, hakuna mtoto anakwenda ubaoni bila wale 73 waliobaki kuwa na kazi ileile kwenye daftari au kwa jozi. Ila inataka maandalizi, na maandalizi yanataka chumba kifunguliwe kabla ya kipindi.

5. Umeme, mvua na waya.

Huku mvua hainyeshi ya kuomba. Ikipiga kwenye bati hamna anayesikia sauti yoyote, hilo ni la Mungu, ila radi na umeme unaopanda na kushuka ni letu. Hatuna stabilaiza ya kusawazisha umeme wala UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Taa za projekta za aina ile zina saa zake, 2,000 mpaka 4,000 hivi, na zinataka feni iendelee kuzunguka baada ya kuzima ili zipoe, umeme ukikatika ghafla taa inabaki na joto lote, ukifanya hivyo mara kwa mara unaiua kabla ya wakati. Ya maabara imeshakufa, ina miezi. LUKU ya shule ikiisha mpaka inunuliwe ni siku tatu nne. Waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kutoka laptopu, ulipolegea mwingine nilinunua mimi.

Kuna dogo jingine ambalo linawakatisha tamaa walimu kuliko yote. Projekta ikisogezwa kidogo tu hata na upepo wa mlango, kalamu inaandika pembeni ya pale unapogusa, mwalimu anaona aibu mbele ya watoto anaacha asirudi tena. Kuurekebisha ni dakika moja, unafungua sehemu ya kusawazisha, unagusa zile alama za msalaba moja baada ya nyingine basi. Hilo halikufundishwa ukumbini.

6. "Sayansi kwanza."

Nimejibiwa hivi mara tatu. Naheshimu sana walimu wa sayansi, ni rafiki zangu. Ila mtihani wa fizikia unaandikwa kwa Kiingereza, na wa baiolojia, na wa jiografia. Mtoto anayeangushwa na neno "describe" hajaangushwa na fizikia.

Sasa najua majibu yanayokuja maana baadhi nimeshayasikia.

Mtasema hakuna bajeti. Mengi ninayoomba hayana bajeti, ufunguo hauna bajeti, kubandua karatasi hakuna bajeti, kufuta agizo la picha hakuna bajeti. Yenye gharama ni UPS, taa moja, spika na pazia, na wazazi nikiwauliza wakati wa kuja kuchukua ripoti wengi wako tayari kuchangia mapazia kama utaratibu utafuatwa, kinachowazuia ni kwamba hakuna aliyewaambia.

Mtasema watoto wataharibu. Kwa vipindi vichache nilivyopata watoto wangu wameshika ile kalamu mara nyingi kuliko darasa lolote shuleni na haijavunjika, wanaikabidhiana kwa mikono miwili. Kilichoharibika ni taa ya maabara, na haikuharibiwa na mtoto.

Mtasema walimu wa lugha ni watu wazima hawataki teknolojia. Hili nalipinga kwa nguvu mzee wangu. Idara yetu ina mwalimu amebakiza miaka 4 kustaafu, jioni moja nilimuonyesha kufunika na kufunua mishororo ya shairi, akakaa na mimi mpaka giza, kesho yake akaja na tarbia aliyoiandika usiku kwa mkono anataka tuiweke. Hakuna kitu kigumu pale. Kigumu ni kupewa kitu mara moja halafu kikafungiwa.

Mtasema ningesubiri, mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 unaingia kidato kwa kidato na mambo yatakuja yenyewe. Mtaala huo huo unatutaka tumjengee mtoto umahiri, yaani afanye, na mimi naomba nafasi ya kumfanya afanye.

Tunachoomba ni hiki. Agizo la picha lifutwe, na kama ofisi inahitaji ushahidi basi ipokee ukurasa uliohifadhiwa kutoka ubaoni wenye kazi ya wanafunzi, huo hauwezi kuigizwa. Ratiba ya chumba ipangwe upya idara ya lugha ipate angalau vipindi viwili mfululizo kwa kila mkondo kila wiki mbili, asubuhi, sio Ijumaa ya mwisho, na ufunguo wa pili ukae kwa mwalimu wa taaluma. Karatasi ya usiguse itolewe, tutaandika na watoto kanuni tatu za kuutunza ubao kwa Kiswahili na Kiingereza tuziweke pale. Mafunzo yarudiwe ndani ya shule, siku mbili, kila mwalimu aje na somo lake la wiki hiyo na aondoke limeshaandaliwa, na yaendeshwe na walimu kwa walimu, mimi niko tayari kujitolea bila posho na ninajua shule jirani yuko mwingine. Kila ubao upate UPS na stabilaiza, spika, pazia la dirisha la upande wa jua, taa ya akiba, na mtu mmoja wa halmashauri anayejulikana kwa namba ya simu kwamba ubao ukigoma anapigiwa yeye. Na wathibiti ubora waelekezwe wakija kwenye kipindi cha lugha wahesabu watoto wangapi wamesema, kabla ya kuhesabu slaidi.

La bajeti naelewa linaweza kungoja mwaka wa fedha. Yale yasiyo na gharama tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, hata kama jibu ni hapana, ili tujue tunaenda wapi.

Kidato cha Kwanza B nina vipindi viwili mfululizo kila Jumanne kuanzia saa 4 na dakika 20 asubuhi. Nikipata ufunguo Jumanne yoyote mwezi huu nitaanza na kiboko na kifaru, maana hawa wapya hawajabishana bado. Ukipata nafasi mzee karibu, nitakuwekea kiti benchi la nyuma kabisa, pale pale ambapo herufi hazisomeki, na tukifika kwenye kiboko nitakuomba na wewe uje ubaoni ulivute neno.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili,
Mbeya